Uzi wa Kupimia Chumba

Tarehe 6 Januari

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Shikamoo ya mwaka mpya, na nyingine za miaka yote ambayo sikukuandikia. Zipokee kwa mkupuo mmoja. Sisi huku wazima. Kikohozi kilichokuwa kinanisumbua kimeniacha, na mjukuu wako hajambo kabisa isipokuwa meno. Mawili ya juu yamedondoka katika wiki moja, sasa akisema "sisi" anamrushia mate mpaka jirani. Namwita Kibogoyo. Ananiambia nikuandikie kwamba yeye ana jina lake. Nimemwambia meno yakirudi na jina litarudi.

Ndani ya bahasha utakuta uzi. Huo ni urefu wake. Nimempima akiwa amesimama mlangoni, visigino vimegusa ubao, kama mama alivyokuwa akinipima mimi. Chini nimefunga mafundo mawili kwa sababu sakafu ni sakafu. Juu nimefunga fundo moja kwa sababu bado anakua. Unaikumbuka sheria yenu: panapogota ukuta, mafundo mawili, panapoishia kitambaa, fundo moja. Watu walikuwa wakiwacheka wewe na mama, mafundi mapazia wasio na futi, mnaingia majumbani kwa watu na nyuzi shingoni kama mnakwenda kufunga mbuzi. Lakini sikumbuki pazia hata moja lililorudishwa kwa kupwaya.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwenye nyumba alikuja Jumapili amevaa viatu vipya, nikajua tu. Kodi ya chumba hiki ni elfu themanini. Kuanzia tarehe mosi Aprili itakuwa laki na elfu ishirini, na anataka ya miezi mitatu mkononi. Nikamwambia, "Baba, chumba ni kilekile." Akanijibu, "Chumba ndiyo kilekile. Mji ndio umebadilika." Mimi kwa dobi napiga pasi tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka miguu inasahau kwamba ni yangu, na mwisho wa mwezi nalipwa laki na nusu. Nikishatoa hiyo kodi, mimi na mtoto tutakula mvuke wa pasi.

Kwenye barua yako ya pole, mama alipofariki, uliandika kwamba mji wenu ni wa bei nafuu, na kwamba hapo unapokaa kuna chumba kitupu ubavuni mwa chako, cha elfu thelathini na tano. Ni mwaka na nusu sasa. Je, bado kipo?

Sikuulizi kwa nini hukuja tulipomzika. Nauliza chumba tu.

Mwanao,
Pini

*

Tarehe 29 Januari

Pini wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Ningeitikia zote karatasi ingekwisha. Kumbe jina la Pini bado unalitumia! Nilikupa mimi, ulipokuwa unatambaa chini ya meza na ile sumaku, unaokota pini zetu, na mama yako anapiga kelele kwamba mtoto atameza chuma atuletee hasara.

Mimi mzima. Goti linalalamika lakini halina pa kwenda, tunaishi nalo hivyohivyo. Uzi wa Kibogoyo nimeutundika msumarini karibu na dirisha. Nikipita ananigusa begani. Mwambie ni mrefu kuliko nilivyomtarajia, na mwambie bibi yake naye ana mapengo, ya kwake hayarudi, asiringe.

Barua yako ilichelewa. Yule kijana wa dirisha la vifurushi aliikalia wiki mbili, nilipomuuliza akasema alidhani ni risiti. Hata hivyo endelea kunitumia kwa basi. Simu sitaki. Kwenye simu mtu anasema "hujambo" na "haya, baadaye", katikati pesa imekwisha. Barua naisoma mara tatu na hainikatikii.

Chumba kipo. Njooni.

Na kazi ipo pia. Huku kuna hospitali inatafuta wapiga pasi wa mashuka. Wanalipa elfu tisini, si kama huko, lakini na nyanya za huku si bei ya huko. Mtu wa huku akilipwa tisini anakula, anavaa na bado anasengenya vizuri.

Nina maswali mawili. Baba yake Kibogoyo anasemaje kuhusu safari hii? Na cherehani ya dada iko wapi?

Kuhusu siku ya mazishi: nauli nilikuwa nayo. Mtu akikuambia nilikosa nauli, mkatalie.

Mama yako mdogo

*

Tarehe 4 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Tumefurahi mpaka Kibogoyo amekwenda kuwatangazia jirani zetu kwamba anahamia kwa bibi mwenye mapengo. Goti pole, lisugulie mafuta ya moto, usilizoee.

Baba yake hasemi kitu, maana hayupo wa kusema. Tuendelee.

Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda. Akiba yangu yote ni laki mbili na elfu kumi. Mzee wa Lori, anayepeleka magodoro huko kila mwisho wa mwezi, anataka elfu sabini kunichukulia vitu, ikiwa havizidi robo ya lori lake. Nauli ya basi ni elfu ishirini na tano. Mtoto husafiri bure kama kichwa chake hakionekani kwenye dirisha la tiketi. Nilimwambia mapema akunje magoti. Tulipofika, mwenzangu akasimama kwa ncha za vidole, eti yule mama aone alivyo mkubwa. Kwa hiyo nauli ni mbili, hamsini hiyo. Inabaki tisini. Mwenye nyumba wako akitaka miezi mitatu kama wenzake, ni laki na elfu tano. Nimepelea kumi na tano kabla hatujanunua hata mkate wa njiani. Friji itauzwa. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo langu ni friji, kabati na kitanda, basi.

Cherehani iko palepale chini ya dirisha. Sijui kushona, unajua, mimi mkono wangu ni wa pasi. Ila Jumamosi naipaka mafuta kama mama alivyokuwa anafanya, halafu nakanyaga pedeli kidogo bila uzi, Kibogoyo anapenda ule mlio. Anasema bibi anakoroma. Kuna mtu ametaka kuinunua kwa elfu sitini. Sijamjibu.

Kufungasha kunaniumiza kuliko nilivyodhani. Kila nikihamisha kitu, nyuma yake kuna mwaka fulani. Nyuma ya kabati nimekuta kitufe cha gauni lako la njano. Na ile misumari miwili bado ipo, ya ukuta huu na ya ukuta ule, na waya wake umenyooka juu ya chumba. Nilipokuwa mkubwa nilitaka kuutoa, mama akakataa. Akasema ni wa kuanikia soksi.

Unakumbuka jinsi pazia lako lilivyokuwa hapo? Mimi na mama upande wa dirisha, wewe upande wa mlango. Nikikosa usingizi napitisha mkono chini ya pazia, na wewe bila kusema neno unanitekenya kiganja. Nilidhani kila nyumba ina Mama Mdogo nyuma ya pazia, kama vile kila nyumba ina bomba. Halafu siku moja nikatoka shule nikakuta pazia halipo na wewe hupo. Mama anashona kama kawaida. Nikamuuliza Mama Mdogo yuko wapi, akasema, "Amepata kwake." Nilikuwa na miaka tisa. Nikakaa nikisubiri utuite tuje kupaona.

Naomba kitu kimoja. Nipimie chumba, urefu na upana, unitumie nyuzi. Nataka nijue nini kinaingia na nini niuze, maana Mzee wa Lori anahesabu nafasi na mimi nahesabu pesa. Fanya upesi. Mwisho wa Machi lazima niwe nimetoka.

Pini

*

Tarehe 11 Machi

Pini wangu,

Marahaba mwanangu. Usinigombeze. Najua ni mwezi mzima na zaidi. Kwanza goti, halafu mvua, halafu kalamu ilipotea ikaonekana nyuma ya sikio langu. Barua zako zote mbili zile za kuulizia nimezipata. Sikunyamaza kwa ubaya.

Nyuzi hizo hapo. Ule mrefu ni urefu, ule mfupi ni upana. Kitanda kikubwa usilete. Kabati usilete, huku tunatundika nguo misumarini na hazijawahi kulalamika. Friji usimpe mtu wa kwanza. Mtu wa kwanza huja kuonja bei, mtu wa pili ndiye mnunuzi. Masufuria yaweke ndani ya beseni, beseni lifunge kwa shuka, na ndani ya masufuria weka viatu, ili usilipie hewa. Cherehani usiiuze. Nasema tena kwa sauti, usiiuze.

Siku hizi wanatengeneza sindano zenye matundu madogo mno, sijui wanambania nani. Kazi zangu zimepungua kidogo, lakini sijambo.

Umenikumbusha gauni la njano. Nililivaa siku tuliyokwenda kupima kwa yule daktari mwenye madirisha kumi na moja. Mama yako ndani, mimi nje, tunapokezana uzi kupitia dirishani. Mke wa daktari akatuuliza, "Nyie mtakumbukaje uzi upi ni wa dirisha lipi?" Mama yako akamjibu, "Wewe una watoto wangapi, mama?" Akasema sita. "Na unawakumbuka?" Tulicheka njia nzima mpaka tukapitiliza nyumbani. Alikuwa hivyo dada yangu. Ukimwona amekunja uso, jua ndani anacheka. Na ukimwona anacheka, jihadhari.

Mwenye nyumba wa huku hana shida na miezi mitatu. Pesa hiyo usiihesabu. Njoo tu, mengine tutayaona mbele ya safari.

Mbusu Kibogoyo kwenye mapengo.

Mama yako mdogo

*

Tarehe 15 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Friji imekwenda kwa mtu wa pili, elfu sitini, ulisema kweli. Kabati limekwenda. Kitanda kimekwenda juzi, tunalala chini kwenye godoro na Kibogoyo anaona ni sherehe. Kwa dobi nimeaga. Bosi alisikitika, akanipa wiki ya mwisho na maneno mazuri, ningependa kungekuwa na pesa zaidi na maneno machache. Jana walikuja watu wawili kukitazama chumba. Mwanamke akasimama palepale pa cherehani akasema, "Hapa tutaweka televisheni." Nikatoka nje kidogo.

Nakuandikia hayo yote ili ujue nilipofika. Kurudi nyuma siwezi tena.

Sasa sikiliza. Jana jioni nilizitandaza nyuzi zako sakafuni, nikaweka viatu kwenye kona, tukapata chumba. Kibogoyo akaingia akalala chali katikati, akasema, "Mama, mbona ni korido?" Nikamwambia anyamaze, bibi amepima. Nikainama kuangalia mafundo.

Uzi wa urefu una mafundo mawili huku, na mawili kule. Ukuta kwa ukuta, sawa. Uzi wa upana una mafundo mawili upande mmoja. Upande wa pili una fundo moja.

Nimeutazama sana. Nikasema labda moja limefunguka njiani. Nikaupitisha kwenye ulimi kama mama alivyokuwa anafanya, uzi uliofunguka fundo hubaki na kikunjo. Haukuwa na kikunjo. Uliufunga hivyo.

Mama Mdogo, upande ule hauna ukuta. Upande ule pana pazia.

Sikufokei. Ila mimi nina mtoto wa miaka sita, sina kitanda, sina kazi, na nina tiketi mbili za tarehe thelathini ambazo hazirudishwi. Kalamu yako inasema chumba na mkono wako unasema pazia. Mimi nimelelewa kwenye nyuzi zenu, nikitakiwa kuchagua nitaamini mkono. Tena hiyo kalamu yenyewe, herufi zako zimekuwa kubwa. Barua ya Januari ukurasa mmoja ulikuwa na mistari ishirini. Hii ya sasa ina kumi na miwili, nimehesabu. Usinisingizie sindano.

Niambie ukweli nikiwa bado huku. Nijibu kwa basi la Jumanne, nitakuwa nimesimama pale dirishani nalisubiri.

Pini

*

Tarehe 21 Machi

Pini,

Marahaba.

Miaka arobaini nashona mapazia, mkono ulijifungia wenyewe. Hata sikuuona.

Nilipokuandikia kwamba chumba kipo, kilikuwepo. Nilikwenda kwa mwenye nyumba siku ileile, nikamwomba anishikie mpaka mwisho wa Machi. Akasema anaweza kumshikia mtu chumba ikiwa na yeye ameshikishwa kitu. Sikuwa na cha kumshikisha. Baada ya siku nne wakaja mtu na mkewe wakalipa. Sasa wanasikiliza redio ubavuni mwangu. Nikasema nitapata kingine kabla hujajua. Nimetembea mitaa yote ninayoiweza kwa goti hili. Ndiyo huo mwezi wa kimya. Vya thelathini na tano havipo tena, na huku nako mji unabadilika. Mwishowe nikarudi kwangu, nikatundika shuka katikati, nikapima nusu iliyo nzuri, yenye dirisha. Hiyo ndiyo niliyokutumia.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nimeishi nyuma ya pazia la mtu. Miaka mingi, Pini. Kile ulichokiona wewe kizuri kutoka chini, mimi nilikijua kutoka juu. Unajifunza kukohoa ndani ya mto. Unajua mwenzio anageuka mara ngapi, na yeye anajua umelia. Hamgombani, mnasikiana tu, mpaka kusikiana kunawachosha. Siku ile hatukuwa tumegombana hata. Asubuhi alisema, "Hapa hapatutoshi tena," nikadhani anasemea vitambaa. Niliporudi kutoka kwa mteja nikakuta pazia limeshushwa, limewekwa juu ya nguo zangu. Alikuwa amelikunja pembe kwa pembe, safi, kama la mteja. Lingekuwa limetupwa ningekaa nikamgombeza. Kule kukunjwa vizuri ndiko kulinifukuza. Nguo nilichukua. Pazia nililiacha.

Na siku ya mazishi nilikata tiketi. Nilikaa stendi nimeishika. Basi likaita, nikajiuliza, nikiingia chumbani mle nitasimama upande gani? Likaondoka. Tiketi ninayo mpaka leo.

Macho ndiyo, yanapungua. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, walisema, lakini waliosema hawakuwa mafundi cherehani. Sikutaka ufike udhani nimekuita uje unitungie sindano. Nilikuita kwa sababu uliomba.

Kama una pengine, nenda pengine. Sitanuna. Kama huna, nusu yenye dirisha ni yako na kodi usilipe.

Mama yako mdogo

*

Tarehe 28 Machi

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Barua hii naituma na Mzee wa Lori, itafika pamoja na vitu, kwa hiyo unapoisoma cherehani itakuwa mlangoni kwako. Waambie wale wa redio wakusaidie kuiingiza, waishike miguuni, wasishike gurudumu. Badala ya kitanda nimeleta hiyo. Mzee wa Lori alipoona kitanda na kabati hakuna akanipunguzia kumi. Masufuria yapo ndani ya beseni, viatu ndani ya masufuria. Sijalipia hewa.

Pengine sina. Lakini hata ningekuwa napo.

Sikiliza masharti yangu, na usinikatishe. Kodi nusu kwa nusu, kuanzia Aprili, sitaki sadaka. Ukitaka kukohoa utakohoa kwa sauti yako yote, na mimi nikilia usijifanye umelala, uliza. Kibogoyo atakutungia sindano akishamaliza kuandika kazi ya shule, si kabla, hata akulilie. Amekwisha kufanya mazoezi, anatunga bila kuung'ata uzi kwanza, kwa kuwa hana meno ya kuuma ncha. Jumatatu nakwenda hospitali kwenye mashuka. Jumamosi utanifundisha kushona. Nimechoka kukanyaga pedeli bila uzi.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikukuambia. Mama katika siku zake za mwisho hakuwa akisema mengi. Siku moja nilipanda kwenye kiti kufuta vumbi, akasema, "Ule waya usiutoe." Nikamwambia, mama, hujawahi kuanika hapa hata soksi moja. Akageukia ukutani. Nilidhani ni homa.

Juzi nimefungua droo ya chini ya cherehani, ile iliyokuwa haifunguki. Niliilazimisha kwa bisibisi ili isiongeze uzito. Lilikuwemo. Pazia lako, la maua ya buluu. Mama aliyekuwa anakata hata foronya za wageni akipata mteja, hakulikata. Limekunjwa pembe kwa pembe. Lakini si kukunjwa kwa siku ile, Mama Mdogo. Lina harufu ya sabuni ya mwaka juzi, na pale lilipokuwa limechanika na msumari limeshonwa kwa uzi mpya, mishono yake midogo, ya mkono wake wa mwisho mwisho, inayotetemeka. Pete za juu zimebadilishwa. Lilikuwa tayari kutundikwa. Kwa nini hakukuandikia, sijui. Labda na yeye alikuwa na tiketi yake mahali.

Waya nimeutoa leo. Mwenye nyumba aliniuliza kama nautaka kweli, kipande cha waya. Nimemwambia ni wa soksi. Umefungwa kwenye mguu wa cherehani, ufungue taratibu usikuchome. Alama za urefu mlangoni, zangu na za Kibogoyo, nimezihamishia zote kwenye uzi mmoja, maana wale wa televisheni watapaka rangi. Sasa chumba kitupu. Nikisema neno kinanirudishia. Sikujua kwamba ni kikubwa hivi, tumeishi humo miaka yote tukidhani hapatoshi.

Pazia nimelipima kwa uzi wako wa urefu, ule wenye mafundo mawili huku na kule. Limepungua shibiri moja. Nakujua, ukishalishika utaanza kutafuta kipande cha buluu cha kuungia. Usiunge. Litundike kama lilivyo, na ile shibiri iache upande wa ukutani, chini kwenye magodoro.

Hapo ndipo pa kupitisha mkono.

Tunafika keshokutwa.

Pini